Gede Yetu Iko Kaloleni

Makala haya yalizaliwa na ukosefu wa pesa, na sioni haya kulisema hilo.

Mwaka jana chama chetu cha Kiswahili kilifunga safari ya Pwani. Wenzangu wakaenda zao Mombasa kuiona Fort Jesus, kisha wakapanda hadi Gede, karibu na Malindi. Mimi nilibaki. Nauli na pesa za malazi zilikuwa zimepita kimo cha mfuko wa mama, ambaye huuza mitumba Gikomba, na siku hizo biashara ilikuwa imelala. Tuliobaki hatukuwa wachache. Basi wasafiri waliporejea, mikoba imejaa kashata na achari, darasani hapakukalika! Gede hivi, Gede vile. Mji mzima wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, una misikiti, una jumba la mfalme, una visima, nao umezungushiwa kuta mbili, moja ya nje na moja ya ndani. Wenyewe waliuhama katika karne ya 17 na msitu ukaumeza. Mwaka 1927 ukatangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na kuanzia 1948 mtaalamu James Kirkman akaanza kuuchimbua. Tulisikiliza haya yote huku tumenuna kama watoto walionyimwa uji.

Mwalimu wetu mlezi wa chama alituona. Akatuuliza, "Nyinyi mnaoishi Eastlands, mmewahi kuitembelea mitaa yenu?" Tukacheka. Mtu hutembelea vipi mahali anapolala?

Hapo ndipo alipotueleza habari za Hong Kong. Huko, alisema, kuna vijiji vya kale vya Wachina vilivyozungushiwa ukuta. Watu wa ukoo mmoja walijenga nyumba zao zikabanana, wakazizingira kwa ukuta wa matofali wenye lango moja, ili wajikinge na maharamia na majambazi. Mwaka 1993 ilifunguliwa njia ya kutembelea kwa miguu mahali paitwapo Ping Shan, kwenye ardhi ya ukoo wa Tang. Mgeni huanzia kwenye mnara wa ghorofa tatu wenye umri wa zaidi ya miaka 600, akapita kijiji chenye ukuta kiitwacho Sheung Cheung Wai, akapita kisima cha zamani, akaishia kwenye majumba ya ukoo ambamo wahenga wao hukumbukwa. Na kijijini humo, tofauti na Gede, watu bado wanaishi. Mgeni anapita akitazama historia na mwenyeji anaanika nguo zake hapo hapo.

"Nyinyi pia mna vijiji vya namna hiyo," mwalimu akasema. "Ila wao ukuta walijijengea wenyewe."

Maneno hayo yalinikaa kichwani wiki nzima. Jumamosi iliyofuata mimi na wenzangu wawili, mmoja wa Shauri Moyo na mwingine wa Jericho, tulitoka na madaftari yetu na chupa moja ya maji. Tulitembea kutoka Kariokor hadi Jericho kwa saa tano hivi, kusimama na kupiga soga kukiwemo. Njia yenyewe naieleza hapa ili nawe uweze kuifuata.

Tulianzia mbele ya soko la Kariokor saa mbili asubuhi. Ukiingia humo utakutana na viondo, viatu vya ngozi na moshi wa nyama choma, na hakuna kitu kitakachokuambia kwamba jina la mahali hapo ni la kijeshi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, Waingereza waliwachukua wanaume wa Afrika Mashariki kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, wawabebee wanajeshi risasi na chakula. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Mwafrika ukalifinyanga jina hilo likawa Kariokor kwetu na Kariakoo kule Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi kwao, na waliouawa na maradhi na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Sisi huku tunaenda Kariokor kula mbavu!

Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1920, manispaa ilijenga hapo mabweni ya wafanyakazi. Mwanamume alikodi kitanda. Nyumba ya nini, na mke na watoto inasemekana wako mashambani? Ukilielewa wazo hili umeielewa nusu ya Eastlands. Mkoloni alimtaka Mwafrika mjini kwa mikono yake tu. Afanye kazi, alale, siku ikifika arudi kwao. Shingoni alining'iniza kipande, cheti ndani ya kikebe cha bati, na askari angeweza kukidai wakati wowote. Wazungu walijichukulia upande wa magharibi, kwenye vilima na hewa nzuri. Wahindi walipewa kina Ngara na Parklands. Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi unaonata, mvua ikinyesha kiatu kinabaki nyuma. Mtu yeyote anayesoma shule yetu anajua ninachosema.

Kutoka Kariokor tulifuata barabara ya General Waruinge hadi Pumwani. Hapo nilitaka sana tusimame, maana mimi mwenyewe nilizaliwa katika hospitali ya Pumwani, na nadhani nusu ya darasa letu pia. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1926. Mtaa wenyewe ni wa zamani zaidi kidogo.

Kabla ya Pumwani, Waafrika wa Nairobi walikuwa wamejijengea vijiji vyao: Mombasa, Maskini, Pangani, Kileleshwa. Naam, Kileleshwa hiyo hiyo ambayo leo mtu wa kwetu huingia kufua nguo na kukata majani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakubwa wa mji wakatenga Pumwani kuwa mahali rasmi pa Waafrika, kisha vijiji vile vikabomolewa kimoja baada ya kingine. Wazee husema jina lenyewe linatokana na kupumua, yaani pa kupumzikia. Pumzi gani hiyo, baada ya kuvunjiwa nyumba? Lakini ndivyo wasemavyo.

Jambo moja ni la ajabu, na mwanachama wa chama cha Kiswahili asilipite. Pumwani wenye nyumba walikodi kiwanja tu, nyumba wakajenga wenyewe, na walijenga nyumba ya Kiswahili. Ukipata iliyobaki, chungulia kwa adabu. Utaona mlango wa mbele, ukumbi mrefu unaokata katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wa kupikia na choo. Ni nyumba ya Lamu na Mombasa iliyobebwa kichwani hadi bara, matumbawe yakawa udongo na fito, makuti yakawa madebe yaliyopasuliwa. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Mwanamke ambaye huko kwao asingerithi hata shimo la panya, alifika hapa akawa na mlango wake na wapangaji wake.

Kwenye Digo Road tulimkuta mzee ameketi barazani na kofia yake ya vito. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," kisha akatutazama kwa mshangao. Mwenzangu wa Jericho akaanza kumwuliza maswali kwa lugha yetu ya mtaani. Mzee akamkatiza. "Hebu sema tena, lakini safari hii kwa ulimi uliopewa na mama yako." Tulicheka tukavunjika mbavu. Kisha akatuambia kwamba babu zake walikuja na misafara kabla ya reli, na kwamba wakati huo Nairobi ilikuwa maji na vyura. Reli ilifika mwaka 1899, kwa hiyo hesabu yake haikuwa mbaya. Alituelekeza pia kwenye ukumbi wa Pumwani Memorial, uliofunguliwa mwaka 1924 kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita nilivyotaja. Wapagazi walipata ukumbi. Pensheni ni hadithi nyingine.

Tukavuka mto kwa njia ya Gikomba. Sina la kusema juu ya Gikomba ila kwamba ushike simu yako. Kibanda cha mama nilikipita upande wa pili, asije akanikabidhi kazi.

Shauri Moyo ni mtaa uliozaliwa na kilio. Kijiji cha Pangani ndicho kilichobaki mwisho kati ya vile vya kwanza, na kilibomolewa mwaka 1938 na 1939. Waliofukuzwa ndio waliojengewa Shauri Moyo, nyumba ambazo hazikuwa zao tena, maana sasa walikuwa wapangaji wa manispaa. Husemwa kwamba jina ni jibu lao: kukubali au kukataa, shauri ya moyo wako. Na ajabu ya Musa ni hii: Pangani ilivunjwa mara mbili. Baadaye baraza lilijenga nyumba nyingine kwenye jina hilo hilo, nazo zikaondolewa, na mwaka 2020 ujenzi wa maghorofa mapya ukaanza.

Hapa mwenzangu wa Shauri Moyo na mimi tuligombana, na ugomvi wenyewe nauweka wazi. Mimi nilisema ni vibaya nyumba za zamani kubomolewa. Yeye akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. "Wewe unatembelea. Mimi naishi. Umewahi kuamka saa nane za usiku, mvua inanyesha, ukatafute choo cha pamoja na ufunguo uko kwa jirani? Umewahi kulala watu sita chumba kimoja? Wacha waje wabomoe, bora nipate choo changu ndani." Sikuwa na jibu. Hata sasa ninapoandika sina jibu kamili. Historia ya mtu mwingine ni tamu kwa anayelala pakavu.

Tuliendelea kimya hadi Burma, soko la nyama lililopewa jina la nchi ambako askari wetu walipelekwa kupigana na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia. Hebu ona: Kariokor ni vita vya kwanza, Burma ni vita vya pili, na kati ya soko na soko ni mwendo wa dakika chache. Pembeni ni uwanja wa City Stadium, ambao siku hizi una jina la Joe Kadenge, mchezaji aliyefariki mwaka 2019. Barabara ya Jogoo iliitwa Donholm zamani. Tukafika Kaloleni.

Kaloleni naijua. Nyanya yangu mzaa mama anaishi humo tangu utotoni, katika nyumba aliyopewa baba yake alipokuwa mfanyakazi wa manispaa. Lakini siku hiyo niliingia kama mgeni na nikaona nisichokuwa nimekiona miaka kumi na sita. Mtaa una umbo! Nyumba ni za mawe na paa za vigae, za chini, nazo zimekaa kwa makundi, kila kundi limezunguka uwanja wake kama watu wanaoota moto. Njia zinapinda kwa duara. Katikati kuna ukumbi. Nje ya mduara kuna barabara kuu, uwanja wa michezo na reli, na milango ya kuingilia mtaa ni michache. Ilijengwa miaka ya 1940, na wazee husimulia jinsi wafungwa wa vita wa Kiitaliano walivyochonga mawe yake. Hii ilikuwa mara ya kwanza manispaa kukubali kwamba Mwafrika wa Nairobi ana mke na watoto. Ramani kuu ya mji ya mwaka 1948 ilitaka mitaa ya namna hii, kila mmoja kijiji kinachojitosheleza, umetengwa na jirani yake kwa barabara na nyasi.

Ni mpango mzuri. Watoto hucheza ndani, mama anawaona dirishani. Mimi nimekua nikicheza mpira kwenye nyasi hizo. Lakini kijiji chenye milango michache ni rahisi kufungwa. Subiri nifike hapo.

Tulikuwa tumesimama tunahesabu nyumba za kundi moja, mwenzangu akichora daftarini, mama mmoja alipotoka mbio na mwiko mkononi. "Nyinyi ni kina nani? Mnapima nini?" Tukajaribu kueleza. Majirani wakaanza kutoka. Mwingine akasema, "Ndivyo wanavyoanza. Kwanza wanatuma watoto wenye vitabu." Nilitetemeka, sikufichi. Hofu yao haikuwa bure. Miaka mingi sasa mitaa hii ya zamani imo katika mipango ya kubomolewa ili maghorofa yainuke, na kila mwenye daftari anaonekana ni wa kuhesabu nyumba za kuvunja. Nikataja jina la nyanya. Yule mama akashusha mwiko. "Wewe ni mjukuu wa mama yetu? Kwa nini hukusema? Mpelekeni." Tulisindikizwa na umati kama wezi waliosamehewa.

Nyanya alitupa chai na mandazi, kisha akataka kujua ni wazimu gani umetuingia. Nilipomwambia habari za Gede na kuta zake, alicheka. Akasema, "Kuta? Njooni niwaonyeshe." Alichukua fimbo yake tukatoka.

Kwanza ukumbi. Wazee wa Kaloleni waliuita bunge lao, wakiulinganisha na lile la Uingereza. Tarehe 23 Aprili 1950 chama cha KAU na chama cha Wahindi, East African Indian National Congress, vilifanya mkutano wa pamoja humo. Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi aliyezaliwa Punjab na kuletwa Kenya mwaka 1927 akiwa mvulana, akasimama akatoa hoja kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili. Uhuru kamili, na wakati huo wengine walikuwa bado wanaomba viti viwili vitatu barazani! Wiki tatu baadaye yeye na Fred Kubai wakakamatwa, na tarehe 16 Mei wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh alizuiliwa hadi mwaka 1961. Nimepita mbele ya ukumbi huo pengine mara elfu moja, nikienda kununua mkate, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nimesoma kuhusu Bastille ya Ufaransa kabla ya kuambiwa habari za ukumbi ulio mita mia mbili kutoka kwa nyanya.

Kisha nyanya akatupeleka kwenye uwanja ulio mbele ya kundi la nyumba zake. Akasimama mahali fulani kwenye nyasi. Alikuwa na miaka kumi, akasema. Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1954, kabla ya jua, mtaa uliamshwa na malori. Hiyo ndiyo iliyoitwa Operesheni Anvil. Serikali ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952, na sasa wanajeshi na polisi wakauzingira mji wote, wakaingia mtaa kwa mtaa wakiwatafuta Mau Mau na waliowasaidia. Milango michache ya kijiji kizuri ikazibwa. Wanaume wakatolewa wakakalishwa chini kwa safu. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine. Wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Gakunia, ndivyo alivyoitwa. Akitikisa kichwa, basi, wewe ni wa lori. Kazi hiyo iliendelea kwa wiki kadhaa, na watu zaidi ya 20,000 walipelekwa kambini Langata, Mackinnon Road na Manyani.

Mlango wa pili kutoka kwao ulikuwa wa familia ya Wakikuyu. Binti yao na nyanya walikuwa wakichota maji pamoja na kulala kitanda kimoja siku za baridi. Baba yake alipelekwa kwenye lori bado hajavaa shati. Siku chache baadaye mama na watoto wakapakiwa kurudishwa mashambani, ambako wengi wao hawakuwa na shamba. Nyanya alikimbia nyuma ya gari hadi barabarani. Jina la rafiki yake ananiomba nisiliandike, kwa sababu huenda yuko hai, na haki ya kusema habari zake ni yake. Alisikia baadaye kwamba walirudi Nairobi wakawekwa Bahati, ndani ya seng'enge.

"Hizo ndizo kuta zetu," nyanya akasema. "Baba alinikataza kwenda. Nilikuwa naona taa zao tu usiku, ng'ambo ya barabara."

Baada ya Kaloleni tulipita Makongeni upesi, jua likiwa utosini. Mtaa huo ulijengwa na reli kwa wafanyakazi wake. Tukafika Mbotela, na hapo tena wanachama wa Kiswahili tufungue macho. Mtaa una jina la Tom Mbotela, diwani na mmoja wa viongozi wa KAU, aliyeuawa Novemba 1952. Ukoo wake ni wa Frere Town, Mombasa, kijiji cha watumwa waliokombolewa, na James Mbotela wa huko ndiye aliyeandika kitabu *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka mwaka 1934. Kitabu hicho kinatajwa katika kila somo la historia ya fasihi yetu. Nani alijua kwamba jina la mwandishi limeandikwa pia kwenye kioo cha matatu? Ofafa, jina lililobandikwa Maringo na Jericho, ni la Ambrose Ofafa, diwani mwingine na mweka hazina wa Luo Union, aliyeuawa mwaka 1953. Yaani serikali ya wakati ule iliipa mitaa majina ya Waafrika waliouawa wakati wa vita hivyo, na sisi tumeyageuza kuwa vituo vya kushukia. "Ofafa shuka!" Kondakta hajui anamwita nani.

Tukavuka Jogoo Road kuingia Bahati. Nilitafuta seng'enge. Ni upuuzi, najua, lakini nilitafuta. Tulikuta vioski, kanisa, vinyozi, watoto wanaruka kamba, na gereji ya mtu anayerekebisha bodaboda. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza drafti alitupeleka mpaka pembeni mwa mtaa, akachora kwa kisigino uchafuni. Waya ulipita hivi, lango lilikuwa pale, askari pale. Asubuhi ulipanga foleni kutoka kwenda kazini, kila mtu na pasi yake. Jioni ulipanga tena, kabla ya saa ya kafyu. Aliyechelewa alilala rumande. Alituonyesha mahali pa lango kwa mkono ulionyooka kabisa, bila kusita, na mahali hapo palikuwa na mwanamke anayeuza sukuma wiki. Hakuna jiwe wala kibao. Gede wana tiketi na mlinzi. Lango la Bahati liko katika kichwa cha mzee mmoja wa drafti.

Mwenzangu wa Shauri Moyo ndiye aliyeniomba tupime. Tulihesabu hatua kutoka langoni hadi kwenye kona ya waya na tukaziandika. Kwa mtu aliyesema wacha wabomoe, alihesabu kwa makini kunishinda. Njiani alinieleza msimamo wake mpya: wabomoe vyoo, wauache ukumbi wa Kaloleni na kundi moja la nyumba kando yake, na mtu wa kwanza kupewa ghorofa awe yule anayehamishwa. Hilo nakubaliana naye.

Maringo na Jericho tulizipita tukiwa hoi, miguu imejaa malengelenge. Mama wa mwenzangu wa Jericho alitupa githeri na maji, na saa nane tukatawanyika.

Jioni nilirudi kwa nyanya kumwambia tuliyoyaona Bahati. Aliniuliza kama tuliuliza habari za rafiki yake. Nilimwambia tuliuliza wazee watatu na hakuna aliyelijua jina. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza lango lilikuwa wapi hasa. Nikamchorea kwenye daftari, barabara, kona, mwanamke wa sukuma wiki, hatua tulizohesabu. Aliisogeza karatasi karibu na taa akaitazama kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata waya.

Tutatembea tena Jumamosi ya kwanza ya likizo. Tukutane mbele ya soko la Kariokor saa mbili kamili asubuhi. Vaa viatu visivyobana, beba daftari, maji, na shilingi hamsini ya mandazi. Ukifika Kaloleni usianze kuhesabu nyumba kabla hujasalimu watu. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyeishi Bahati kati ya 1954 na 1960, tafadhali niambie darasani. Nyanya anataka kumwuliza jambo.